Majiko banifu ya kupeleka kijijini: lipi linastahili nauli ya basi?

Mdomo wa jiko la kuni la kubeba, lile la umbo la ndoo linalopangwa kwenye maduka ya Kariakoo na kwenye mabanda ya Sabasaba kila Julai, una upana wa sentimita 10 hadi 12. Kijijini kuni haziji na kipimo hicho. Linakuja gogo zima la mkorosho au la mwembe uliokauka, linalazwa kati ya mafiga matatu na kusukumwa kidogo kidogo kadiri moto unavyolila, huku mpishi anaendelea na shughuli nyingine. Anayemnunulia bibi yake wa Rufiji jiko la namna hiyo bila kununua na shoka amenunua pambo la stoo.

Wauzaji wengi huanzia kwenye asilimia: linaokoa nusu ya kuni, linaokoa theluthi mbili ya mkaa. Asilimia hizo hupatikana maabara, kwa sufuria ya maji, kuni zimepasuliwa sawasawa na kukaushwa, na anayechochea hana kazi nyingine ila kulitazama jiko. Hapa tunayapima majiko yanayopatikana Dar kwa jicho la mtu anayelifunga kwenye mzigo wa kwenda shamba: linakula nini, linamtaka mpishi afanye nini, kipi kitaharibika kwanza, na kikiharibika ni nani wa kukitengeneza huko Mkuranga au Kilosa.

Tuanze na jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani, maana ndilo lililojaa mjini. Umbo lake lilienea kutoka Kenya miaka ya 1980, nako walikuwa wamelitohoa kutoka jiko la ndoo la Thailand. Nje ni bati, mara nyingi la pipa lililokatwa na kupigwa na mafundi bati wa Gerezani na kwingineko. Ndani ni kikombe cha udongo uliochomwa, unene wa sentimita 2 hadi 3, chenye sahani ya matundu ambayo mkaa hukaa juu yake na majivu hupita chini. Udongo una kazi moja tu, kuzuia joto lisitoroke kupitia ubavuni. Jiko la bati tupu huchoma miguu ya aliyekaa karibu, na joto hilo linalomchoma ndilo lililopaswa kuivisha maharage.

Ubora wa jiko hili uko kwenye kikombe, na kikombe hukaguliwa dukani kwa dakika mbili. Kigonge kwa sarafu. Kilichoiva motoni hulia kama sahani. Kilichochomwa nusunusu hutoa sauti ya ubao. Lowesha kidole, pangusa ukuta wa ndani, halafu kwaruza kwa ukucha: tope likitoka, kikombe hakikuiva na kitamong'onyoka mapema. Kisha tazama maji yanavyokauka. Penye ufa mwembamba usioonekana kwa macho hubaki mstari mweusi uliolowa hata baada ya sehemu nyingine kukauka. Ufa wa nywele ukingoni si hoja kubwa. Ufa unaoshuka kutoka ukingoni hadi kwenye sahani ya matundu ni wa kuliacha jiko hapo hapo.

Halafu lipindue. Kati ya kikombe na bati kuna pengo linalojazwa saruji, na kwa fundi mzuri saruji hiyo huchanganywa na vemikulaiti (chembe nyepesi za madini) au majivu ili iwe nyepesi na isipitishe joto. Kuna yanayojazwa mchanga mtupu na kufunikwa saruji nyembamba juu. Utalijua kwa uzito usio wa kawaida, na ukilitikisa karibu na sikio utasikia kitu kinatembea. Baada ya safari moja ya barabara ya vumbi saruji ya juu hupasuka, mchanga huvuja, na kikombe kinabaki kinacheza ndani ya bati kama jino bovu.

Mlango wa hewa ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii kabisa, ilhali ndipo mkaa unapookolewa au kupotea. Lazima ufunge hadi mwisho na ubaki pale unapouacha. Sababu ni hii: kufikisha lita moja ya maji kwenye mchemko kutoka joto la kawaida la Dar kunahitaji kilojuli (kipimo cha nishati) 300 na ushee, lakini kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke kunahitaji kama 2,260, zaidi ya mara saba. Maharage yanayotokota kwa kishindo hayaivi haraka kuliko yanayotokota polepole. Yanachoma mkaa kutoa mvuke tu. Sufuria ikishachemka, funika, banisha mlango ubaki upenyo wa kidole kimoja. Mlango uliopinda kwenye bawaba zake haubaniki, na jiko linageuka la kawaida lenye udongo wa bure.

Sasa hesabu. Chukua lita 2.5 za maji yenye nyuzijoto 27. Kuyachemsha kunahitaji kilojuli 764 hivi. Kilo moja ya mkaa mkavu ina megajuli 29, yaani kilojuli 29,000, kwa makadirio, kwa hiyo jiko linalofikisha asilimia 30 ya joto kwenye sufuria litatumia gramu 88 za mkaa. La bati tupu, kwa asilimia 15, litatumia gramu 176. Tofauti ni mara mbili, na ndiyo asili ya lile tangazo la "nusu ya mkaa". Ila tangazo halisemi kwamba kikombe cha kilo 3 kikipanda joto kwa nyuzi 300 hunywa chenyewe kilojuli 800 hivi, yaani sawa na birika zima la maji hayo. Ndiyo maana kwa chai ya asubuhi peke yake jiko la udongo halimshindi la bati, na huenda likachelewa. Faida yake inaonekana kwenye maharage, makande, supu ya miguu ya ng'ombe, kila kinachokaa motoni saa nzima na kuzidi, au pale unapopika vitu vitatu mfululizo bila kuliacha lipoe.

Kwa nyumba ya Tandale au Mbagala inayonunua mkaa kwa sado, jiko hili ni la kununua leo. Tuseme mkaa wa siku ni shilingi 2,000 na jiko likaokoa theluthi tu: jiko la shilingi 30,000 limejilipa ndani ya siku 45. Kwa kijiji kinachopikia kuni, hesabu inageuka, na hapa tunatofautiana na wengi wanaoyagawa majiko haya vijijini.

Mkaa hauoti. Kwenye tanuri la udongo linalotumika porini, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 6 hadi 10 za mti. Zile gramu 88 za jiko banifu zimekula kati ya gramu 530 na 880 za kuni kabla hazijafika jikoni. Maji yale yale juu ya mafiga matatu, hata tukiyapa ufanisi duni wa asilimia 12, yanachemka kwa gramu 400 za kuni kavu. Kwa hiyo ukiihamisha familia kutoka kwenye mafiga kwenda kwenye jiko la mkaa, hata liwe zuri namna gani, umempunguzia mama moshi lakini msitu umeuongezea mzigo, tena umeifundisha nyumba iliyokuwa ikiokota kuni kununua nishati. Lipeleke kwenye kijiji cha njia panda ambako watu tayari wananunua mkaa. Kwingine peleka jiko la kuni.

Na jiko la kuni la kubeba, lile tulilolianza, ni kifaa kizuri mno kikiwa mikononi mwa anayekielewa. Wengi huliita roketi. Misingi yake ilipangwa na mhandisi Larry Winiarski huko Oregon, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na haijabadilika sana: njia ya moto yenye umbo la kiwiko, mdomo chini na bomba fupi linalopanda, vyote vimezungushiwa kitu kisichopitisha joto. Kuni hukaa juu ya kirafu mdomoni, hewa hupita chini ya kirafu, na zinaungua ncha tu. Moshi unaotoka kwenye ncha hizo hupanda kwenye bomba lenye joto kali na kuungua nao kabla haujafikia sufuria. Likifanya kazi sawasawa linachemsha zile lita 2.5 kwa gramu 160 za kuni kavu, na juu ya sufuria huoni moshi ila mtikisiko wa hewa ya moto.

Halifanyi kazi sawasawa kuni zikijazwa mdomoni hadi juu. Hili ndilo kosa la kwanza la kila anayetoka kwenye mafiga: moto ukilegea, anaongeza kuni. Hewa inakosa njia, moshi unarudi mdomoni, masizi yanaganda chini ya sufuria, na jioni jiko linahukumiwa kwamba "linatoa moshi kuliko mafiga". Dawa ni kutoa, si kuongeza. Vijiti vitatu au vinne vya unene wa kidole gumba, vimelala kwenye kirafu bila kubanana, chini yake pakavu na pasipo majivu. Majivu yanayojaa chini ya kirafu hufanya kosa lile lile kimyakimya, kwa hiyo hutolewa kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kuni mbichi zisiletwe kabisa. Mti uliokatwa jana una maji karibu nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yachemshwe kwanza, hivyo sehemu ya joto la moto inaishia kukausha kuni. Zilizopasuliwa na kukaa juani wiki kadhaa, au zilizopangwa kando ya ukuta wenye jua, zinatosha.

Muuzaji atakwambia linaivisha kila kitu. Ugali wa watu wanane mwulize kwa makini. Kusonga ugali ni kazi ya mabega: mwiko unasukuma sufuria mbele, unaivuta, unaigandamiza ukingoni, na jiko refu lenye kitako chembamba linacheza kama stuli yenye mguu mfupi. Kabla ya kulipa, weka juu yake sufuria kubwa kuliko zote za nyumbani, tia lita 5 za maji, shika mwiko na ufanye kama unasonga. Mguu mmoja ukinyanyuka sakafuni, tafuta lingine lenye kitako kipana au vyuma vya kushikia sufuria. Baadhi huja na vijiti viwili vya chuma vinavyochomekwa ubavuni ili mpishi akanyage. Ni wazo zuri, ila vijiti hivyo hupotea wiki ya kwanza. Chungu cha mviringo hakikai juu ya vinundu vilivyotengenezwa kwa sufuria bapa, na kwa anayepikia chungu hilo peke yake linatosha kulikataa jiko.

Lipo jingine ambalo waliolichora jiko hili hawakulijua kwa sababu hawapiki wali wa nazi. Jiko likiunguza kuni hadi mwisho, halibakizi makaa. Pwani nzima, kuanzia Bagamoyo hadi Kilwa, wali unakaushwa kwa kupalia moto juu ya mfuniko, na mkate wa kumimina haupati rangi bila makaa ya juu. Mpishi wa huko akiletewa jiko lisilo na makaa atalitumia kwa chai na mboga, na kwa wali atarudi kwenye mafiga. Tusimlaumu. Ushauri wetu ni kwamba mafiga yasibomolewe. Yabaki kwa kazi yake, na roketi lichukue zile saa za maharage. Moshi nao ulikuwa na kazi: unafukuza wadudu kwenye makuti na kukausha mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa darini. Moshi ukiondoka, mbegu inatafutiwa mahali pengine mapema, la sivyo fukusi watakuwa wa kwanza kulisifu jiko jipya.

Kinachokufa kwanza kwenye roketi ni chuma cha ndani. Bati jeusi la kawaida likipigwa moto huo kila siku hubanduka magamba ya kutu, linazidi kuwa jembamba, na siku moja mwiko unapopiga sufuria kipande kinaanguka ndani. Chuma cha pua hustahimili zaidi, na ndicho kinachopandisha bei ya majiko ya kiwandani. Wapo wanaopima kwa sumaku, ikinasa wanasema si chuma cha pua. Kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu baadhi ya vyuma vinavyostahimili moto mkali kuliko vyote hunaswa na sumaku. Afadhali uulize mambo mawili: chuma cha ndani kinauzwa peke yake? Na kinatolewa kwa bolti au kimechomelewa? Jiko ambalo moyo wake umechomelewa halina matengenezo; likitoboka limekuwa chuma chakavu. Muuzaji anayejiamini atakuwa pia na karatasi ya kipimo kwa utaratibu wa ISO 19867-1 wa mwaka 2018, kiwango cha kimataifa cha kupima majiko maabara, ambacho matokeo yake hupangwa kwa madaraja ya 0 hadi 5, kila jambo na daraja lake: ufanisi, chembechembe za moshi, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, usalama. Omba kuiona. Jiko linaweza kuwa na daraja zuri la kuokoa kuni na baya la moshi.

Majiko ya kujengwa kwa udongo wa kichuguu hayanunuliwi dukani, kwa hiyo tutayapitia haraka: ni ya bei ndogo kuliko yote, ni imara kwa kusongea ugali, na yakiwa na bomba la kutolea moshi nje yanasafisha jiko zima. Yanapasuka kwa sababu moja kubwa, kuwashwa yakiwa mabichi. Yaachwe yakauke kivulini wiki mbili hadi tatu. Na bomba lisipokokolewa masizi kila mwezi, moshi unarudi ndani.

Swali la gesi haliepukiki, hasa tangu Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mkakati wa miaka 10 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa kilo 6 kwenye jiko la gesi linalofikisha asilimia 55 ya joto unaipa sufuria megajuli 150 hivi. Hiyo ni kilo 17 za mkaa kwenye jiko la udongo, kilo 34 kwenye la bati, au kilo 78 za kuni kwenye mafiga. Pima bei ya mkaa wa kijiji husika kwa namba hizo, kisha ongeza nauli ya bodaboda ya kwenda kubadilisha mtungi. Penye wakala wa gesi umbali wa kutembea kwa miguu, nunua gesi na uache kusoma hapa. Palipo mbali, mtungi mtupu utakaa uvunguni na kuni zitarudi, kwa hiyo jiko zuri la kuni bado linahitajika pembeni yake.

Onyo moja halina mjadala. Jiko la mkaa, banifu au la, halitoi moshi unaoonekana lakini linatoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Lisilale ndani ya chumba cha watu, hata usiku wa baridi kule Lushoto, hata likiwa na "makaa kidogo tu".

Ukishachagua, lisafirishe kwa akili. Kikombe cha udongo hakivunjwi na moto tu, hupasuka kwenye buti la basi kabla hakijaona mkaa. Jaza ndani matambara au majani makavu hadi ukingoni ili kisigongwe na kitu, lisimamishe wima, usikubali liwekwe chini ya gunia la mchele. Moto wa kwanza uwashwe nje na bila chakula: bati la pipa lina mabaki ya rangi na mafuta, na bati lililopakwa zinki hutoa moshi mweupe usiofaa kuvutwa. Anza na viganja viwili vya mkaa, uache uishe wenyewe, urudie siku ya pili kwa mwingi zaidi, ndipo upike. Moto usizimwe kwa maji hata siku moja. Udongo wenye joto ukimwagiwa maji hupasuka hapo hapo. Mkaa unaobaki unahamishiwa kwenye kopo lenye kifuniko, unazimika wenyewe na kesho unatumika.

Kabla ya kuondoka dukani chukua futi ya fundi, pima kipenyo cha kikombe juu na chini, kimo chake na unene wa sahani ya matundu, uviandike kwa peni ya alama upande wa ndani wa mlango wa hewa au kwenye karatasi iliyofungwa mkononi mwa jiko. Sahani ya matundu hufa mapema kuliko kikombe, na ukiwa Dar unaweza kumtumia aliye kijijini sahani nyingine kwa basi, akikusomea namba hizo kwa simu. Bora zaidi, nunua mbili siku hiyo hiyo na ya pili uizungushie gazeti ndani ya jiko.